Mpira Ulitoka, Alama Ikabaki

Aliyegundua mwanzo kuwa mkono wangu wa kushoto umevimba hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa ni yule mwanamke anayetupaka hina hapa mtaani kwetu Wete.

Ilikuwa alasiri, Ramadhani imefika ukingoni, binti yangu yuko jikoni anakuna nazi ya futari. Mpaka hina huyo alikaa chini kwenye mkeka, akaweka mto mapajani kwake, akaipanga mikono yangu miwili juu ya mto ule kama anavyowafanyia wanawake wote. Akachukua kikoni chake cha hina, kile kifuko chenye ncha, akakiinua, halafu akakishusha bila kuchora kitu.

"Bi Mwalimu, mbona mkono huu mkubwa kuliko mwenziwe?"

"Ndio mkono wa mashine," nikamwambia. "Una vituko vyake."

"Vituko vya mashine mie sivijui. Lakini Sikukuu ya kuchinja, Mfunguo Tatu, nilikupaka mikono hii hii, haikuwa hivi. Hebu vua hiyo bangili nichore vizuri."

Nikaivuta bangili. Ikafika kwenye fundo la mkono ikagoma. Nikapaka sabuni, nikavuta tena, ikagoma vilevile. Hapo nikamkumbuka fundi cherehani wangu, ambaye wiki ile ile alinipima kwa ajili ya gauni la harusi ya binti yangu, akaniambia mkono mmoja wa gauni itabidi aushone mpana kuliko wa pili. Mimi nikamwambia futi yake imechakaa, anunue nyingine.

Mpaka hina akanichora vidole tu mkono ule, akaacha kiganja na kwenda juu. "Siugusi," akasema. "Kauonyeshe kwanza."

Nieleze kidogo huo mkono wa mashine ni nini. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na kwa miaka mingi nilikuwa na presha niliyoichukulia kama mgeni asiyeondoka. Unamzoea, unamwekea sahani. Presha ile ikazimaliza figo zangu polepole. Nilianza kuchoka, kisha kutapika asubuhi, kisha uso ukaanza kuvimba, na siku moja nikashindwa kumaliza kusoma mahudhurio darasani. Walinivusha hadi Dar es Salaam nikiwa sijitambui sawasawa. Huko damu yangu ilitakiwa isafishwe kwa mashine siku ile ile, na mashine inataka njia pana ya kutolea damu na kuirudishia. Njia hiyo ikawa mpira.

Walianza na shingo upande wa kulia. Mshipa wa pale ukawa umeziba kwa damu iliyoganda, haupitiki. Wakahamia kushoto, chini ya mtulinga, ule mfupa unaotoka begani kuja kooni. Mpira ukaingizwa ndani ya mshipa mkubwa mpaka karibu na moyo, na nje zikabaki ncha mbili zenye vifuniko, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Nilipopata fahamu niliona nimefungwa plasta kifuani, na mume wangu amekaa kwenye kiti ananitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwishakitoa moyoni.

Niliishi na mpira ule miezi kadhaa. Kuoga ikawa kazi ya watu wawili, kwa sababu maji yasifike pale. Kulala ni chali tu. Nilipopata nafasi ya kusafishiwa damu huku huku kisiwani Pemba, nikarudi nyumbani na mpira wangu nimeufunika mtandio, na wanafunzi wangu wakadhani mwalimu amezidisha ucha Mungu.

Madaktari walisema tangu mwanzo kuwa mpira ni wa muda. Njia ya kudumu ni kupasua mkono, kuunganisha mshipa unaopeleka damu na ule unaoirudisha, ili ule wa kurudisha unenepe na uweze kuchomwa sindano za mashine. Jina la kazi ile ni fistula, na jina hilo liliniletea balaa. Dada yangu mkubwa alipolisikia alinivuta chumbani, akafunga mlango.

"Fistula? Na umri huu wako? Weye si ulimaliza kuzaa zamani?"

"Dada, ya mkononi."

"Ya mkononi vipi?"

Ilinichukua muda kumwelewesha. Hata alipoelewa, akaendelea kuiita "ile operesheni yako ya mkono" mbele za watu, ili jirani asije akalielewa vibaya.

Operesheni ilikwenda salama. Mshipa ukanenepa, ukawa unatetemeka chini ya ngozi muda wote. Mume wangu, ambaye ana duka la kanga kule Konde na ni mtu wa maneno mengi, aliweka sikio lake juu yake akasema ndani mna paka amelala. Mashine ikaanza kutumia mkono, mpira ukatolewa, nikaoga maji ya kujimwagia mpaka ndoo zikaisha. Mimi nikahesabu kuwa habari ya mpira imekwisha.

Basi baada ya ile alasiri ya hina, nilipokwenda kwenye mashine, nilimwambia sista, yule nesi anayetuhudumia. Sista wetu anatoka bara, Mkristo, ameolewa na mwalimu wa sekondari na wamekaa hapa kisiwani miaka. Pale hospitalini kila mtu huniita Bi au Mwalimu. Yeye peke yake huniita mama, kwa namna ya kwao, na mimi nimeipenda.

"Mama, na wewe unaniambia leo?" akasema. "Mimi nimekuwa naangalia mashine. Wiki hizi inapiga kengele mara kwa mara, damu inarudi kwa shida. Na nikitoa sindano, damu inachukua muda mrefu kukauka. Nilikuwa nataka nimwambie daktari."

Akavuta pazia, akaniomba nifungue gauni kifuani. Nilikuwa sijajitazama vizuri kwenye kioo kwa muda; mtu akishapita umri fulani na maradhi fulani, kioo anakitumia kwa kufunga mtandio tu. Nikatazama chini. Juu ya ziwa la kushoto, kuzunguka bega mpaka chini ya kwapa, mishipa ya buluu ilikuwa imetokeza, imejipinda na kugawanyika kila upande. Upande wa kulia ngozi ilikuwa tupu.

"Haya yametoka wapi?" nikauliza.

"Ngoja daktari," akasema, na akanifunika vizuri kabla ya kufungua pazia.

Daktari ni kijana wa hapa hapa Pemba, mpole, anasema kwa sauti ya chini mpaka inabidi umsogelee. Aliubonyeza mkono wangu, kidole chake kikaacha shimo. Akaupandisha mkono wangu juu ya kichwa, akatazama mshipa wa mashine, ambao ulipaswa kusinyaa ukiinuliwa. Haukusinyaa. Akavuta kiti akakaa.

"Bi Mwalimu, unaukumbuka ule mpira wa mwanzo?"

"Niusahau vipi? Lakini si mliutoa?"

"Ulitolewa. Alama yake ndiyo haikutoka."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu mzima, asinifiche. Akanieleza, na nadhani ni mara ya kwanza niliyaelewa maradhi yangu badala ya kuyavumilia tu. Alisema mshipa kwa ndani umetandikwa ngozi nyembamba, laini sana, ambayo kazi yake ni kuifanya damu iteleze isigande. Mpira unapokaa humo, haukai umetulia. Moyo ukipiga, unatikisika. Mtu akivuta pumzi, unatikisika. Akigeuza shingo, akiinua mkono kuandika ubaoni, unasugua. Na pale chini ya mtulinga mshipa umebanwa kati ya mfupa na ubavu, kwa hiyo msuguo ni mkubwa zaidi. Ile ngozi laini inachubuka. Palipochubuka damu inanata kidogo, na mwili unafanya kama unavyofanya kwenye kidonda chochote: unajenga nyama ya kovu. Ukuta wa mshipa unakuwa mnene, mgumu, na njia ya katikati inazidi kuwa nyembamba.

"Na mbona sikusikia kitu miezi yote hiyo?"

"Kwa sababu damu ya mkono wa kawaida ni kidogo, ilipenya. Sasa tumekuunganishia mshipa, damu inayopita mkononi ni nyingi na ina nguvu. Ikifika pale penye kovu inakwama, inarudi nyuma, mkono unavimba. Hiyo mishipa unayoiona kifuani ni vichochoro. Damu inatafuta pa kupitia."

Kisha nikauliza swali lililokuwa likinikereketa. "Kwa hiyo walikosea kuuweka pale?"

Akatikisa kichwa. "Siku ile walikuwa wanaokoa roho yako, Bi. Shingo ilikataa. Palikuwepo hapo tu."

Nashukuru alilijibu hivyo. Sijawahi kuwa na kinyongo na mpira ule. Bila huo, harusi ya binti yangu ingekuwa na mama wa kuombewa dua tu.

Na harusi ndiyo iliyokuwa taabu. Ilikwishapangwa mwisho wa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, bwana harusi ni mtu wa Tibirinzi, watu wa pande zote wamekwishaalikwa. Daktari alitaka niende Dar es Salaam upesi, mshipa ukapanuliwe kabla haujaziba kabisa na mkono wa mashine ukafa. Mimi nikamwambia nitakwenda baada ya harusi.

Sista, aliyekuwa akifunga vifaa vyake, akageuka. "Mama, mkono huu ukifa tutakuchoma wapi? Tutarudi kwenye mpira tena. Na mpira ukiwekwa upande mwingine, nako utachubua."

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Nikangoja mpaka mume wangu amekula, nikamweleza yeye na binti yangu pamoja. Nilitegemea binti angelia. Hakulia. Alikuwa anakunja nguo za harusi, akaendelea kukunja.

"Mama, nenda," akasema. "Mie sikai kwenye kiti cha bibi harusi huku nautazama mkono wako."

"Na nisipowahi kurudi?"

"Watu watangoja," akadakia baba yake. "Kwani bwana harusi atakimbilia wapi? Tibirinzi hapa, akitoka tu mlangoni tunapata habari."

Dada yangu ndiye aliyekuja na shauri lake mwenyewe. Alikuja asubuhi na chupa ya mafuta ya karafuu, amekwishakunja mikono ya nguo yake, tayari kunichua. Ana mikono mizuri dada yangu. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wamechuliwa na yeye. Ikabidi nimwambie kuwa mkono ule hauchuliwi, haubanwi, hata presha haupimwi. Akasikitika. Nikampa miguu. Akanichua miguu yote miwili mpaka nikasinzia, na akatoka ameridhika kuwa safari ya Dar ameichangia.

Sikukuu ilipopita tukaondoka, mimi na mume wangu. Tulifikia kwa mdogo wangu wa kiume anayeishi Dar es Salaam, na siku iliyofuata nikalazwa.

Chumba cha kupanulia mshipa kilikuwa cha baridi sana, na mimi mtu wa Pemba baridi siijui. Daktari bingwa alikuwa mwanamke, amevaa vazi zito la kujikinga na mionzi, na alinitandikia blanketi kwa mkono wake. Alinidunga ganzi mkononi, akaingiza sindano kwenye ule mshipa unaotetemeka, akaniambia atapitisha dawa itakayoonekana kwenye kioo cha picha kilichokuwa mbele yangu.

"Utasikia joto. Usiogope."

Nikasikia joto likipanda mkononi. Kwenye kioo nikauona mshipa wangu mwenyewe ukijitokeza, mnene, umenyooka, unapanda mpaka begani. Halafu pale chini ya mtulinga, ghafla, ukawa uzi. Kabla ya uzi ule vimishipa vingi vilikuwa vimetawanyika, vinazunguka huku na huku, na mbele yake njia ikawa pana tena kuelekea moyoni. Pale penye uzi ndipo mpira ulipokuwa ukikaa. Daktari hakuwa na haja ya kunionyesha kwa kidole.

"Umeona, Bi?"

"Nimeona."

"Sasa nitapitisha kibofu kidogo, kama puto, nikifikishe pale, nikijaze. Kitalipasua lile kovu. Hapo utaumia kidogo."

Niliumia si kidogo. Nilisikia kama mtu amenitia kidole gumba chini ya mfupa anasukuma kwa nguvu zake zote. Nikasoma dua nilizoweza kusoma, nikakosea, nikaanza upya. Daktari akakilegeza kibofu, akakijaza tena. Mara ya mwisho alipopitisha ile dawa, nikaiona ikipita moja kwa moja, haikusimama mahali, na vile vichochoro vya pembeni havikuonekana tena, kama kwamba havikuwahi kuwepo.

Baadaye, nimekaa kitandani nakunywa chai, nikaiona bangili inacheza. Mume wangu alikuwa anaongea na mgonjwa wa kitanda cha pili habari za bei za kanga, na mimi nikaivua bangili taratibu, nikaivaa, nikaivua tena. Sikumwita. Nilitaka kuifurahia peke yangu kwanza.

Kabla ya kuniruhusu, daktari alikuja kukaa nami. Alisema nisiondoke nikidhani mambo yamekwisha. Kile kibofu nacho kinauumiza ukuta wa mshipa kinapoupanua, na mwili unaweza kujenga kovu tena. Huenda ikawa baada ya miezi, huenda baada ya mwaka na zaidi. Nikiona mkono unavimba au damu haikauki, nirudi mapema. Na upande ule wa kushoto nisikubali kuwekewa mpira wala sindano ya maji isipokuwa kwa lazima kabisa.

"Kwa hiyo mimi na wewe tutaonana," nikamwambia.

"Inshallah, tuonane kwa heri," akasema.

Tulirudi Wete harusi imekaribia. Sista alipoutazama mkono wangu alipiga makofi mbele ya wagonjwa wote, na mashine siku ile ilifanya kazi kimya, bila kengele hata moja. Mzee wa kitanda cha dirishani akasema leo ndiyo kwanza amelala. Fundi cherehani naye alipata haki yake. Mkono mmoja wa gauni ulinipwaya kama mfuko, ikabidi binti yangu aubane kwa pini asubuhi ya harusi, huku mwenyewe bado hajavishwa. Nilimwomba fundi radhi kwa habari ya futi. Akasema yeye alijua futi yake ni nzima.

Harusi ilikuwa nzuri. Nilisimama mlangoni kupokea wageni kutoka Chake na Konde na vijijini, nikashikana nao mikono, na sikuchoka kama nilivyoogopa. Niliposhindwa kusimama nilikaa, na dada yangu akanikalia ubavuni kama askari, kila mwanamke aliyetaka kuniminya mkono wa kushoto kwa furaha anamzuia: "Huo hapana! Wa kulia, wa kulia."

Mwaka uliofuata mkono ukaanza kujaa tena. Safari hii nilijua, sikumngoja mpaka hina anionyeshe. Nikavuka, nikalala kwenye chumba kile kile cha baridi, nikasukumwa kidole gumba kile kile, nikarudi. Huenda nitakwenda tena. Nimelikubali hilo, kama watu wanavyokubali kuezua paa na kuliezeka upya kila baada ya misimu kadhaa. Hakuna anayelia kwa sababu ya makuti.

Siku moja aliletwa kwenye mashine mzee mmoja kutoka Konde, ana mpira shingoni, na alikuwa amekataa kupasuliwa mkono. Alisema mpira umemzoea na yeye ameuzoea, na kisu hakitaki. Sista akaniangalia. Nikavuta kiti karibu na mkewe, maana mzee mwenyewe nisingeweza kumpa mkono wangu aushike. Nikamwambia mkewe aweke kiganja pale panapotetemeka. Akaweka, akaruka, akacheka, akaweka tena.

"Mzee, mkono wake unavuma!"

"Unavuma nini?"

"Sijui! Lakini unavuma."

Nikamweleza mzee, kwa adabu, yale niliyoelezwa mimi: kwamba mpira hata usipouma unasugua, na kila unavyokaa ndivyo mshipa unavyojenga kovu kwa ndani pasipo mtu kuona. Nikamwonyesha bega langu juu ya mtandio, nikamwambia kule Dar nimelisafiria mara mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema atakubali. Aliuliza tu kama mkono baada ya operesheni unaweza kushika jembe, na sista akamjibu kuwa jembe dogo unaweza, bora asijitwishe mizigo. Mwezi uliofuata nilimkuta ana bendeji mkononi, anajifanya hanioni.

Wiki iliyopita binti yangu na mumewe walituletea doriani kutoka shambani, tunda zima, limeiva mpaka nyumba ya jirani wamejua kwa harufu. Mimi matunda kama hayo nimekatazwa kuyala kwa wingi. Chumvi zake figo zangu hazizitoi tena. Mume wangu alilipasua uani, akakaa nalo miguuni, akala bila aibu. Kisha akachagua kokwa moja dogo lenye nyama ya manjano, akalipunguza kwa kisu mpaka likabaki la kumlisha mtoto, akanipa kwenye kisahani.

"Lako hilo," akasema. "Na usimwambie sista."

Nikalila polepole, na siku ya mashine nikamwambia sista.